UZI: Picha za mfano unazompa mchoraji wa mhusika wako. Yaliyonikuta mimi na binti wa karafuu

Mchambuakonyo (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wanajamvi.

Jambo hili ninalo tangu msimu wa karafuu uliopita, na leo nimeamua kuliandika lote. Wiki hii peke yake watu watatu wameniuliza "yule mtoto ulichorewa na nani?", na kila mmoja namuona anaelekea kule kule nilikoangukia mimi.

Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi huku Wete. Naandika hadithi fupi za watoto, na mhusika wangu ni binti wa miaka 12 anaitwa Mwanakombo. Anakaa na bibi yake. Msimu ukifika hukaa naye barazani usiku wakachambua karafuu, na humo ndimo bibi anamomsimulia mambo. Hadithi ninayo, sura ya mtoto ninayo kichwani, mkono wa kuchora sina. Nikatafuta mchoraji mtandaoni, nikampata wa nchi ya mbali, kazi zake nzuri mno. Tukakubaliana dola 60 kwa mchoro mmoja wa mwili mzima na mandhari nyuma.

Akaniomba picha za mfano. Nikaingia mtandaoni nikaandika "Pemba", nikaandika "karafuu", nikaandika "kanga", nikaandika "msichana wa Kiafrika". Nikakusanya picha 14, nikamtumia zote kwa mpigo bila ya neno hata moja. Niliamini kabisa kuwa picha inajieleza.

Baada ya wiki mbili mchoro ukaja. Umechorwa kwa ustadi, hilo silikatai. Lakini Mwanakombo amesimama chini ya mkarafuu, na mkarafuu wenyewe umejaa karafuu za kahawia, kavu, kama zile za kwenye kichupa cha viungo. Juu ya mti! Mtu yeyote wa Pemba anajua karafuu mtini ni ya kijani, na ikikaribia kuchumwa inaanza kuona haya, inapiga wekundu kichwani. Ule ukahawia ni kazi ya jua na jamvi, siku kadhaa baada ya kuchumwa.

Kanga imemzunguka kama gauni, maua yametapakaa nguo nzima, hamna pindo, hamna mji, na pale pa jina pana herufi zisizosomeka kwa lugha yoyote. Nyuma yake pana mlima wenye theluji. Na umri amekuwa mwanamke wa miaka 25.

Nilikasirika, nikaanza kumuandikia maneno makali. Kisha nikarudi kuzitazama zile picha nilizomtumia. Picha za karafuu zote tatu zilikuwa za karafuu kavu sokoni. Ya kanga ilikuwa ya kitenge, aliyeiweka mtandaoni ndiye aliyeiita kanga. Mlima ulitoka kwenye picha ya matangazo ya utalii wa Tanzania. Na umri, hamna pahala nilipomwambia mtoto ana miaka 12. Yule bwana alichora nilichompa. Marekebisho mawili ya bure tuliyokubaliana aliyafanya kwa moyo mmoja, lakini marekebisho mawili hayawezi kubadilisha mti, nguo, mlima na umri. Nikalipa, nikamshukuru, mchoro nikauweka.

Mara ya pili nikaenda kwa binti mmoja wa Unguja. Kabla sijamtumia kitu nilikaa siku mbili nikiandika. Nabandika hapa kile nilichomuandikia, mukipenda muchukue:

*"Mwanakombo, miaka 12, mwembamba, rangi yake maji ya kunde, mtulivu lakini macho hayatulii. Amekaa barazani usiku, anachambua karafuu na bibi yake. Bibi haonekani, unaonekana mkono wake tu upande wa kushoto.*

*Picha 1, mpwa wangu (mama yake ameridhia). Chukua umbo la uso na paji pana. Nywele usichukue, hapa amesukwa kwa ajili ya harusi.*

*Picha 2, mkarafuu wa nyuma ya nyumba yetu. Chukua rangi za karafuu mbichi na namna zinavyokaa kwa vishada nchani mwa kitawi. Mwanga usiuchukue, nilipiga mchana wa jua kali na kisa chetu ni cha usiku.*

*Picha 3, kanga yenyewe, nimeitandika sakafuni yote. Chukua pindo, mji, na jina herufi kwa herufi: HABA NA HABA HUJAZA KIBABA.*

*Picha 4, kanga hiyo hiyo dada yangu amejitanda. Chukua mikunjo begani. Wekundu wa picha 3 ndio wa kweli, hapa taa imeifanya ionekane ya chungwa.*

*Picha 5, baraza yetu saa mbili usiku. Chukua mwanga wa taa unavyotoka mlangoni na kivuli kinavyoangukia jamvini.*

*Picha 6, si yangu, ni kazi ya mchoraji mwengine. Nimeiweka kwa ajili ya mkao tu, namna mguu mmoja ulivyokunjwa. Mtindo wake usiufuate."*

Picha sita. Rasimu ya kwanza ilipokuja nililia, kwa sababu alikuwa yeye. Isipokuwa kitu kimoja, nacho nitakieleza baadae, nataka kwanza nisikie na wengine.

---

WinoLaMkunazini

Shikamoo Bi Mwalimu. Nakushukuru kwa kuwa limesemwa na mteja. Sisi wachoraji tukilisema tunaonekana tunakimbia kazi. Nachora wahusika kwa oda huu mwaka wa sita, kwenye kompyuta kwa programu ya Krita, na karatasi pale mteja anapotaka karatasi. Niongeze ya huku kwetu.

Mteja akinitumia picha, la kwanza najiuliza hii ameiweka kwa ajili ya nini. Picha moja ina uso, ina nguo, ina mkao, ina mwanga, ina rangi, ina na hali ya moyo ya mtu aliyemo. Asiponiambia nitachagua mwenyewe, na nitachagua kilichonivutia mimi. Kuna kaka mmoja alinitumia picha ya mzee amesimama Forodhani jua linatua. Nikavutiwa na ule mwanga juu ya bahari, nikamchorea mwanga. Yeye alikuwa anaitaka bakora ya yule mzee. Nilikesha siku mbili kwa kitu ambacho hakukiomba.

La pili ni sura. Picha ya kujipiga, simu ikiwa karibu na uso, huikuza pua na kuyarudisha masikio nyuma. Nikiichora hivyo hivyo unasema "sifanani". Mpige mtu ukiwa umesimama mita mbili kutoka kwake, simu usawa wa macho yake, uvute karibu kidogo kwa kamera. Mbele, ubavuni, na ile ya katikati ambapo uso umegeuka nusu. Na kisogoni kama ana msuko au kofia, maana kisogo kila mtu anakisahau na mimi siwezi kukibuni.

Umri ni kama alivyosema Bi Mwalimu. Mtu mzima huchorwa kwa urefu wa kama vichwa vyake saba na nusu, na mtoto kadiri anavyokuwa mdogo ndivyo hesabu inavyopungua. Nisipopewa umri, mkono unakwenda kwa mtu mzima kwa mazoea. Andika umri hata kama unaona picha inaonesha.

Watu wananiuliza picha ngapi zinatosha. Tatizo si wingi, ni kugombana. Ukinipa picha nne za kanga nne, nitachora ya tano isiyokuwepo duniani.

Na kofia za viua, jamani, hapa nawaomba. Naletewa picha ya bwana harusi amesimama mbali, nikikuza kofia naona ukungu mtupu. Viua vile ni vitobo vidogo, kila kimoja kimezungushiwa uzi kwa mkono, na vimepangwa kwa ruwaza ambayo fundi aliyeishona anaijua kwa jina. Nikibuni, yeyote mwenye kofia nyumbani ataona nimebuni. Iweke kofia juu ya meza karibu na dirisha, ipige ubavu mzima, kisha ipige juu kwenye lile duara. Dakika mbili tu.

---

NgamboDijitali

Mimi naona munajitaabisha. Siku hizi akili mnemba ipo, unaandika maneno matatu inakutolea picha, unampa mchoraji aifuate. Bure kabisa. Kwa nini mtu atandike kanga sakafuni?

---

WinoLaMkunazini

Ndugu yangu wa Ng'ambo, sikukatazi moja kwa moja. Kwa mkao, au kumuonesha mchoraji "nataka rangi za baridi kama hizi", inasaidia, mradi useme imetoka huko.

Lakini nikueleze nilichokiona kwa macho. Mteja aliniletea picha ya namna hiyo, nahodha amesimama mbele ya mlango wa Mji Mkongwe. Ukiitupia jicho unasema ndiyo. Nikakaa nayo. Mlango una mbao mbili na hauna mfaa katikati, sasa zinakutana wapi? Juu umeanza kwa upinde kama milango ya Kihindi, ukishuka unakuta boriti ya mraba ya mlango wa Kiarabu, vimeyeyukiana. Misumari ya shaba imekaa hata kwenye bawaba. Nakshi haina mwanzo wala mwisho. Mchonga milango yeyote angesimama akauliza huu unafungukaje.

Mimi nikiichora ile ikachapwa kitabuni, mtoto wa Makunduchi ambaye hajakaa sana mjini atajifunza mlango wa kwao kutoka kwenye kitu ambacho hakijawahi kuwepo. Hilo linanichoma. Milango ipo Hurumzi, ipo Kiponda, imesimama pale wala haihitaji miadi.

---

NgamboDijitali

Nimekufahamu. Kwa mlango nimekubali. Sikuwahi kuuangalia hivyo.

---

UkhtiWaChake

Na mimi nina langu, na nalisema kwa uchungu.

Mama yangu anauza viungo. Miaka mitatu nyuma alipigwa picha sokoni na mtu aliyekuwa anapita, hakuulizwa. Picha ikaingia mtandaoni. Mwaka jana binamu yangu akanitumia mchoro kwenye simu, wa mhusika wa mchezo wa kompyuta. Mchawi mzee. Uso wa mama yangu, wallahi, mpaka chunjua la pembeni ya mdomo wa kulia na namna anavyofunga ushungi kwa kupitisha ncha nyuma ya sikio. Mchoraji aliona picha nzuri ya "bibi wa Kiafrika" akaifanya mfano, basi.

Mama hakumuonesha mtu. Aliniambia tu "mwanangu, mimi mchawi?" Na tangu siku hiyo simu ikiinuliwa karibu naye anajifunika.

Kwa hiyo munapozungumza picha za mfano, na aliyemo ndani ya picha ni mtu. Ana mama, ana watoto, anasali na watu. Ukimpiga, muulize, mwambie unaitaka kwa ajili ya nini na mhusika atakuwa nani. Ukiipata mtandaoni huwezi kumuuliza, basi chukua vazi, uso uache.

---

Mchambuakonyo (mwanzisha uzi)

Ukhti, pole sana. Nimesoma mara mbili na sijui niseme nini zaidi ya pole kwake mama.

Nieleze nilivyofanya mimi, na kama kuna kosa munirekebishe. Mpwa wangu nilimuuliza yeye mwenyewe kwanza, kisha mama yake. Nikawasomea hadithi yote wajue Mwanakombo ni mtoto wa namna gani. Mama yake akaweka sharti moja, kwamba mtoto asitambulikane njiani. Basi mchoraji akachukua paji na kidevu tu, macho akayatoa kwa mtu mwengine aliyeridhia, pua akabuni. Mpwa wangu akiuona mchoro anasema "ana kichwa changu", lakini wenzake skuli hawajamtambua. Kumbe ule mchanganyiko wa picha niliouchukia mara ya kwanza una pahala pake, ukifanywa kwa makusudi.

Na ile picha ya mpwa baada ya kazi nilimuomba mchoraji aifute, akafuta.

---

UkhtiWaChake

Allah akulipe kheri, Mwalimu. Hivyo ndivyo.

---

MtembezaWageni

Mimi si mchoraji, natembeza wageni mjini, ila nina la kuongeza kuhusu wakati. Picha ya mfano ina tarehe yake hata kama haikuandikwa.

Beit el Ajaib, lile jumba la Sultani pale Forodhani, lililojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883, liliporomoka upande mmoja pamoja na mnara wa saa tarehe 25 Disemba 2020. Mtandaoni picha nyingi bado ni za mnara uliosimama. Naona michoro ya hadithi za "vijana wa leo" wako Forodhani na mnara mzima nyuma yao. Kama kisa chako ni cha 2018, sawa. Kama ni cha 2022, umempa mchoraji mji mwengine. Mwandikie mwaka wa kisa.

Jengine ni picha za kale. Watu wakitaka mhusika binti mfalme, wanampa mchoraji ile picha maarufu ya Salme binti Said, binti wa Sultan Said wa Zanzibar, akiwa amevaa kifalme, wakiamini wameona kasri la Unguja. Picha ile ilipigwa studio, Hamburg, baada ya yeye kuondoka hapa mwaka 1866. Mavazi ni ya kwao, lakini mwanga, kiti na mkao ni vya mpiga picha wa Ujerumani. Basi chukua suruali ya marinda, chukua vito, chumba usikichukue. Kwa chumba nenda Makumbusho ya Kasri ukatazame vyombo vyenyewe, na uulize pale mlangoni kama unaruhusiwa kupiga.

---

FundiChapa

Salaam. Niko kwenye duka la kuchapa, naletewa michoro hii ikiwa imeshalipiwa na imeshakamilika, na hapo ndipo machozi yanapoanza.

Picha za mfano munazituma kwa WhatsApp kama picha. WhatsApp inazibana, uzi wa kanga unageuka ukungu. Tumeni kama dokumenti, au kwa barua pepe. Vivyo hivyo mchoro uliokamilika ukirudi.

Saizi mwambie mchoraji siku ya kwanza. Ukurasa wa A4 uchapike vizuri unataka nukta 300 kwa inchi, ambayo ni pikseli 2480 kwa 3508. Nimeletewa mchoro wa pikseli 800 mtu anataka bango la ukutani. Hakuna dawa.

Rangi sasa. Kioo cha simu kinatoa mwanga, karatasi haitoi. Wekundu mkali wa kanga na kijani cha majani machanga vikifika kwenye wino vinapoa. Na simu mbili hazioneshi rangi moja. Ndiyo maana neno "nyekundu" halitoshi, wala picha peke yake haitoshi. Mchoraji achague rangi, akupe msimbo wake, ile alama ya reli na tarakimu na herufi sita, muuandike kwenye makubaliano. Halafu kabla ya kitabu kizima, chapisha ukurasa mmoja uuweke pembeni ya kanga yenyewe mchana, nje. Nilimfanyia hivyo mama mmoja wa vitabu vya watoto, tukagundua bahari imekuwa ya kijivu. Ilirekebishwa kwa nusu saa.

---

MsomajiWaKonde

Swali kwa WinoLaMkunazini. Ukipewa kazi ya mchoraji mwengine kama mfano unaikubali? Maana mimi kuna mmoja nampenda sana, nilitaka niseme "nichoree kama hivi hivi".

---

WinoLaMkunazini

Naikubali kama alivyoiweka Bi Mwalimu, kwa kitu kimoja kilichotajwa. Ukisema "hivi hivi" unaniomba ninakili kazi ya mtu, na Zanzibar tuna Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2003, michoro imo. Hata bila ya sheria, yule mtu alikesha kuupata ule mkono wake. Kama unampenda yeye, muagize yeye. Kama unataka mimi, niambie unapenda nini katika kazi yake, pengine ni mistari minene, pengine ni namna anavyoacha nafasi tupu. Hilo naweza kulifikia kwa njia yangu.

Na muandikiane mapema mchoro utatumika wapi. Kuweka kwenye simu yako ni jambo moja, kuchapa kitabu ukauza ni jambo jengine, bei yake na yenyewe ni nyengine.

---

MsomajiWaKonde

Nimeelewa, ahsante. Bi Mwalimu, ulisema kuna kitu kimoja kilikosekana kwenye rasimu. Tunangoja.

---

Mchambuakonyo (mwanzisha uzi)

Mikono.

Kila kitu kilikaa sawa. Kanga ilikuwa na pindo lake, jina linasomeka, mwanga wa mlangoni umeangukia jamvi kama nyumbani kwetu. Lakini Mwanakombo ameshika karafuu moja kwa ncha za vidole viwili, kama mtu anayechagua mchele. Nikamuonesha bibi yangu ile rasimu kwenye simu. Ana miaka zaidi ya themanini, macho yake si kama zamani. Akaitazama muda mrefu, akasema "mtoto mzuri. Lakini huyu hajakaa jamvini, karafuu zake zitamkuta asubuhi."

Wasiojua niwaeleze. Karafuu haichambuliwi moja moja. Unashika kishada kwa mkono wa kulia, unakikandamiza kwenye kiganja cha kushoto na kukizungusha kidogo, karafuu zinakatika zote zinabaki kiganjani, konyo, kile kijiti chake, linabaki kwenye vidole vya kulia. Karafuu unaangusha huku, konyo unatupa kule, na mkono umeshachukua kishada chengine. Anayejua hatazami. Anazungumza na wewe huku vishada vinakwisha.

Mchoraji wangu ni mtu wa mjini, hajawahi kuchambua. Na mimi katika picha zangu sita sikuweka hata moja ya mikono, kwa sababu tangu nizaliwe naiona, haikunijia kuwa ni kitu cha kuelezwa. Hilo ndilo linalonishughulisha mpaka leo. Theluji ya Pemba niliiona papo hapo. Mikono ya bibi yangu mwenyewe niliisahau.

Basi usiku ule nikamuomba bibi ruhusa nimrekodi. Akaniuliza kama uso utaonekana, nikamwambia mikono tu, akakubali, akavua bangili kwanza. Akaomba aletewe karafuu, nikamwambia msimu umekwisha, bibi. Akasema lete kitawi chochote basi. Tukakata kitawi cha mpera nyuma ya nyumba, na kwa kitawi kile cha mpera chenye majani tu akanionesha, kiganja kikizunguka kama kina karafuu kweli. Sekunde 40. Nikapiga na picha tatu za karibu: kabla kishada hakijagusa kiganja, kinapozungushwa, na kiganja kikiwa wazi. Kiganja kile kina mstari mweusi katikati ambao hautoki kwa sabuni.

Nikamtumia mchoraji, nikaandika "chukua kila kitu, na mstari mweusi mwekee mkono wa bibi, mtoto usimwekee, bado hajafika huko."

Alirudisha rasimu siku ya tatu. Safari hii bibi hakusema kitu, alichukua simu akaisogeza karibu, akawa anazungusha kiganja chake chini ya kanga.

---

UkhtiWaChake

Subhanallah. Nimemsomea mama.

---

NgamboDijitali

Nina mhusika wangu, nahodha kijana wa jahazi. Nilikuwa na picha tano za chombo tayari nimpelekee mchoraji, nimezibandika hapo chini. Baada ya kusoma haya naziogopa. Kuna anayejua vyombo anitazamie?

---

MzeeWaPwani

Kijana, nimezitazama. Tatu kati ya hizo tano ni ngalawa. Ile mirengu inayotoka kila upande ndiyo inayokuonesha. Ngalawa ni ya kuvulia, haina haja ya nahodha wa kuvaa kama unavyotaka. Ya nne ni jahazi lakini limechorwa na mtu ambaye hajapanda, mlingoti ameusimamisha wima kama nguzo ya umeme. Mlingoti wa jahazi unainamia mbele. Na foramali ameipachika juu ya mlingoti kama msalaba, wakati foramali inapandishwa kwa kamba na inakaa mshazari, tanga likiwa limefungwa kwayo. Nahodha wako akikaa kwenye chombo kile hafiki popote.

Ya tano ni nzuri ila imepigwa kwa mbali, usukani hauonekani, na nahodha mkono wake uko wapi kama si kwenye usukani?

Njoo Mkokotoni maji yakitoka. Chombo kikiwa kimekaa mchangani unakiona mpaka mkuku. Zunguka polepole, piga mbele, ubavu, nyuma, kisha omba upande upige kutoka pale nahodha anapokaa, uone anachokiona yeye.

---

NgamboDijitali

Ahsante sana mzee wangu. Kesho maji yanatoka saa nne asubuhi, nitachukua gari ya mapema. Nikifika nimuulize nani?

---

MzeeWaPwani

Shuka pwani, utawaona watu wanatia kalafati kwenye chombo kilicholazwa ubavu. Wasalimie, kaa nao kidogo, wasomee hadithi yako. Simu itoe baadae. Na mwangalie yule anayegonga pamba kwenye nyufa, mikono yake.